Bunduki ya Kale: Je, Ni Akiba ya Nyumba?



Mwezi huu tumeletewa swali ambalo halijapata kufika katika ukurasa huu. Ndugu mmoja wa hapa Katandala, mtu mwenye ahli yake na kazi yake ya halali, amekuwa akijiwekea fedha kidogo kidogo kwa miaka mingi. Sasa amesikia kwamba bunduki za zamani, zile za enzi ya Wadachi na Waingereza, huuzwa Ulaya na Marekani kwa bei kubwa mno, na kwamba kadiri zinavyozidi kuzeeka ndivyo bei yake inavyozidi kupanda. Anauliza: iwapo atajipatia bunduki moja au mbili za namna hiyo, kwa leseni na kwa njia ya sheria, akaziweka miaka 20, je, hiyo haitakuwa akiba njema ya kuwaachia watoto wake?

Swali hili si la kuchekwa. Mtu anayefikiri juu ya watoto wake watakavyoishi baada yake anafanya jambo jema, na yafaa ajibiwe kwa utaratibu. Basi na tulitazame jambo lenyewe pande zote, kisha tutoe rai yetu.

Kwanza tukiri lililo kweli. Ni kweli kwamba ziko bunduki za zamani zilizouzwa kwa mali nyingi, na baadhi yake zilipata kupita katika nchi zetu hizi. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikuja kuwinda Afrika ya Mashariki, na miongoni mwa silaha zake ilikuwamo bunduki ya marisau iliyotengenezwa na kampuni ya Fox. Mwaka 2010 bunduki hiyo iliuzwa mnadani huko Marekani kwa dola 862,500. Kadhalika mwandishi Ernest Hemingway alikuja kuwinda Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1953 na 1954. Na mwaka 2011 bunduki yake kubwa ya kuwindia, ya kampuni ya Westley Richards, iliuzwa mnadani kwa dola zipatazo 340,000. Mtu akisikia hesabu hizi, si ajabu moyo wake ukaruka.

Lakini na tuulize: wale walionunua walinunua nini hasa? Kama wangetaka chuma na mti, wangepata bunduki nyingine ya kampuni ile ile kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Walichonunua ni jina la mtu mashuhuri, pamoja na hati, picha na barua zenye kuthibitisha pasi na shaka kwamba bunduki ile ndiyo iliyokuwa mikononi mwake. Hati zikiondoka, jina huondoka. Na jina likiondoka, sehemu kubwa ya bei huondoka nalo. Sasa bunduki iliyotoka katika pembe ya nyumba ya babu, ambaye hakuna aliyeandika habari zake hata mstari mmoja, itasimamishwaje katika mnada wa namna hiyo? Sisi twamjua babu na twamheshimu, lakini mnunuzi wa ng'ambo hamjui.

Jambo la pili ni uhaba. Kitu hupanda bei kwa kuwa ni haba, na wengi hudhani kwamba kila kilicho cha zamani ni haba. Hapa inatupasa tukumbuke historia ya nchi yetu. Katika karne ya 19 majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadilisha bunduki zao mara kwa mara. Kila ilipobuniwa bunduki mpya, zile za zamani ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na wafanyabiashara wakazileta Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwako Unguja alikadiria kwamba bunduki zilizokuwa zikiingia kwa njia hiyo zilifika kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka mmoja. Zilipanda bara pamoja na misafara, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu, na maovu yaliyotendwa kwa silaha hizo, watu wakitekwa na vijiji vikichomwa, twayajua sote. Biashara ile ilitisha hata mataifa makubwa yakakutana Brussels, na kwa mapatano ya mwaka 1890 yakaweka vizuizi juu ya kuingiza silaha katika sehemu kubwa ya Afrika.

Maana yake ni nini kwa muulizaji wetu? Ni kwamba gobori na bunduki nyingi zilizosalia katika nchi zetu zilikuwa tayari ni masalio ya Ulaya siku zilipoteremshwa pwani. Zililetwa kwa maelfu kwa sababu ya urahisi wake. Kuzeeka kwake hakukuzigeuza kuwa johari.

Na hata bunduki za vita vya mwaka 1914 hadi 1918, ambazo watu huzitaja sana, zina habari kama hiyo. Vita vilipoanza, askari wengi wa Wadachi walikuwa bado wanatumia bunduki ya mtindo wa mwaka 1871, yenye kupakiwa risasi moja moja na kutoa moshi mwingi hata adui akajua ilipo. Bunduki mpya zililetwa na meli iitwayo Rubens, iliyofika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, mwezi wa Aprili 1915 baada ya kuzipenya manowari za Waingereza.

Mwisho wa vita hivyo ulitukia karibu na hapa petu. Wengi wetu hupita mpaka wa Kasesya kwenda Mbala, mji ambao zamani za Waingereza uliitwa Abercorn. Huko ndiko Jenerali von Lettow-Vorbeck alikosalimisha silaha zake tarehe 25 Novemba 1918. Hesabu ya silaha alizotoa aliiandika mwenyewe: mzinga mmoja wa Wareno, bombomu 37, na bunduki 1,071, nazo zote zilikuwa ni za Waingereza na za Wareno. Hakukuwamo hata bunduki moja mpya ya Kidachi. Zile zilizokuja kwa taabu katika meli zilikuwa zimekwisha kuharibika au kutupwa njiani, na askari walikuwa wakipigana kwa silaha walizowanyang'anya adui zao. Tena watu wa Mbala husimulia kwamba silaha nyingi zilizokusanywa siku zile zilitupwa katika ziwa Chila, lililo hapo hapo mjini. Hivyo ndivyo waliozijua bunduki hizo walivyozithamini vita vilipokwisha: walizitupa majini.

Mtu atasema, "Zamani hizo hawakujua thamani yake, siku hizi tumejua." Na tumjibu kwa habari ya karibu zaidi. Bunduki ya Martini, ambayo jeshi la Uingereza liliichukua mwaka 1871, ilikuwa ikitafutwa sana na wakusanyaji. Lakini mwaka 2003 wafanyabiashara wa Marekani walinunua shehena ya silaha kuukuu zilizokuwa zimelala katika ghala la jeshi huko Nepal kwa zaidi ya miaka mia, nazo zilikuwa makumi ya maelfu, na za Martini zikiwamo kwa wingi. Aliyekuwa amelipa bei ya uhaba aliamka akakuta kitu chake kimejaa madukani. Tena liko tatizo la bandia. Katika mji wa Darra Adam Khel, huko Pakistan, wamo mafundi wenye kuiga bunduki za kale hata chapa ya mfalme au malkia wa Uingereza wakaigonga juu ya chuma. Kama wanunuzi wa huko wanaoshinda na vitabu mikononi hudanganywa, je, sisi tusiojua kusoma alama za chuma hicho tutanusurika vipi?

Jambo la tatu, nalo kwetu ndilo zito kuliko yote, ni sheria. Mali nyingine mtu huishika kwa haki yake mwenyewe. Ng'ombe wako ni wako; ukitaka kumwuza utampeleka mnadani, na yeyote mwenye fedha atamnunua. Lakini bunduki huishiki kwa sababu umeinunua tu, bali kwa sababu serikali imekuruhusu wewe, kwa jina lako, kuishika. Katika Tanzania jambo hili limo katika Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1991. Mwaka 2016 wenye silaha waliamriwa kuzipeleka kuhakikiwa. Katika miaka ya 2022 na 2023 serikali ilitangaza muda wa miezi miwili, mwenye silaha isiyo na leseni aisalimishe kwa hiari bila ya kushtakiwa. Nje ya muda wa msamaha kama huo, kukutwa na silaha pasipo leseni ni jambo liwezalo kumfikisha mtu mahakamani kwa kosa la uhujumu uchumi. Wala uzee wa bunduki si kinga. Gobori la kushindilia baruti, ikiwa laweza kuua, ni silaha.

Na si kwetu tu. Huko Uingereza, ambako bunduki za kale huruhusiwa kuwekwa kama pambo, serikali ilitoa kanuni mpya mwaka 2021 na kuziondoa aina saba za risasi katika orodha ya zile zilizohesabiwa kuwa zimekwisha kupitwa na wakati. Wenye silaha za risasi hizo, waliozinunua kama vitu vya kale tu, wakatakiwa wawe na leseni. Hawakuwa wametenda kosa lolote. Kalamu ilipita juu ya karatasi, na mali yao ikabadilika hali.

Hapa Afrika ya Mashariki tuna mfano ulio mkubwa zaidi, nao ni wa pembe za ndovu. Kwa karne nyingi pembe ilikuwa ndiyo kipimo cha utajiri. Mwenye pembe alikuwa na fedha iliyolala. Kisha mwaka 1989 mataifa yakakubaliana kuipiga marufuku biashara yake, na mwaka huo huo serikali ya Kenya ikachoma moto tani 12 za pembe. Kile walichokiita babu zetu hazina, leo ukikiweka chini ya kitanda ni jinai. Basi mali ambayo thamani yake hutegemea ruhusa, yafaa ihesabiwe kama kitu cha kuazimwa.

Kweli ziko nchi ambako bunduki ya kale ina wanunuzi karibu. Ndugu zetu walioko Oman, ambao wengi wao wasema Kiswahili nyumbani, watakuambia kwamba katika soko la Nizwa huuzwa bunduki za kale pamoja na majambia, na kwamba bunduki iliyovishwa fedha ni pambo la wanaume katika arusi na sikukuu. Huko kitu hicho kina mahali pake katika maisha ya watu, na kwa hiyo kina soko. Hapa petu, ukisimama katika soko la Mandela ukauliza nani anayekusanya bunduki kuukuu, watu watakutazama kwa wasiwasi, na huenda aliye wa kwanza kukujibu akawa ni askari polisi. Bei inayotajwa katika nchi nyingine si bei yako, ikiwa huna njia ya halali ya kukifikisha kitu hicho huko. Na kumbuka kwamba, mbali na sheria ya silaha, iko Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo yataka kibali kwa vitu vya kale vitolewavyo nchini.

Sasa na tuje katika hesabu ya nyumba. Nchi hii ya Ufipa ilikuwa na wafua chuma mashuhuri. Tanuri zao ndefu za udongo, malungu, mabaki yake yangali yaonekana katika sehemu mbalimbali za uwanda huu. Jembe lililotoka katika malungu lilimlisha mwenyewe kila mwaka. Shamba la mahindi au la maharage huzaa. Ng'ombe huzaa, na samadi yake hurudi shambani. Chumba cha kupangisha huleta kodi. Bunduki ikiwa ukutani haizai kitu. Bali yadai: yadai ada ya leseni, yadai kasha la chuma lenye kufuli, yadai mafuta ili isishikwe na kutu wakati wa masika yetu marefu, na kitako chake chadai kulindwa na mchwa. Tena yadai macho ya wazazi mchana na usiku, maana nyumba yenye watoto na bunduki haina usingizi mzito.

Aidha iko zakati. Bunduki ya mtu ya kujilindia shamba haitolewi zakati, kwa kuwa ni chombo cha matumizi. Lakini aliyenunua kitu kwa nia ya kukiuza kwa faida, kitu hicho kimekuwa ni mali ya biashara. Na kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu twayafuata, mali ya biashara iliyotimiza nisabu na mwaka huthaminiwa na kutolewa sehemu moja katika 40. Tuseme bunduki ina thamani ya shilingi 4,000,000, na pamoja na mali yake nyingine ya biashara mtu huyo amefika nisabu. Kila mwaka zamwajibikia shilingi 100,000 kwa ajili ya bunduki hiyo, nayo haijamletea hata senti. Miaka 10, hata bei isipopanda, atakuwa ametoa shilingi 1,000,000 kutoka mfuko mwingine. Hatusemi haya ili kuilalamikia zakati, hasha. Mwenye ng'ombe na mwenye duka hutoa katika kinachokua, na mali yao hubaki na nguvu. Twasema tu kwamba mali isiyozaa humlemea mwenyewe, na muulizaji wetu aitie haki hiyo katika hesabu yake tangu mwanzo.

Tumefika katika neno alilolikusudia hasa, nalo ni watoto. Tulipata kuitwa katika nyumba moja ili tusaidie kugawa mirathi. Marehemu alikuwa ameacha mke, wana wawili wa kiume na binti watatu. Mgawanyo wake ulikuwa mwepesi: fungu moja katika manane kwa mke, fungu moja kwa kila binti, na mafungu mawili kwa kila mwana. Shamba likapimwa likagawanyika. Ng'ombe wakathaminiwa. Mabati, baiskeli na mashine ya kushonea vikapata wenyewe kabla ya adhuhuri. Ikabaki bunduki moja kuukuu, ambayo marehemu, kwa miaka mingi, alikuwa akiwaambia wanawe kwamba thamani yake ni ya nyumba nzima.

Leseni ilikuwa kwa jina la marehemu, na leseni hairithiwi pamoja na bunduki. Mjane alikuwa katika eda, na usiku wa msiba ule alikuwa amelala chumba kimoja na kitu ambacho hakuwa na ruhusa ya kukishika. Wana wote wawili hawakuwa na leseni. Ikawalazimu waichukue wakaikabidhi polisi, wakaanza safari za kwenda na kurudi, wakitafuta mtu aliyeruhusiwa kuinunua. Akapatikana mmoja. Na mnunuzi akiwa ni mmoja, yeye ndiye mwenye kupanga bei. Walichopata, kilipogawanywa katika mafungu manane, hakikumtosha binti mdogo kwa sare za shule na madaftari ya mwaka. Hakuna aliyewadhulumu. Baba yao aliwaambia neno aliloliamini, lakini hakupata kulipima kwa kuuliza: nikiondoka, nani atakayeweza kukiuza hiki, na atamwuzia nani?

Basi rai yetu kwa ndugu huyu ni hii. Kama ni mtu wa Ulaya au Marekani, mwenye elimu ya chuma hicho, mwenye hati, aliye katika nchi yenye wanunuzi wengi na sheria iliyotulia, huenda akapata faida. Na hata yeye atapunguziwa na ada za mnada na hofu ya bandia. Lakini kwa mwenye nyumba katika Katandala, bunduki ya kale si akiba. Fedha alizoziweka kwa taabu na azitie katika kitu ambacho warithi wake waweza kukiuza bila kuhitaji leseni ya silaha: ng'ombe, kiwanja chenye hati, mashine ya kusaga, dhahabu kidogo, au elimu ya watoto, ambayo haigawanywi wala haipungui.

Na kwa wale ambao tayari wana bunduki ya babu darini, twasema neno moja zaidi. Msiifiche kwa tamaa ya bei, wala msiichimbie chini kwa hofu. Mzee mmoja wa nyumba, pamoja na mwenyekiti wa mtaa, na aende polisi, mikono mitupu, akaeleze kwamba kitu hicho kipo na kilipatikanaje, afuate watakavyomwagiza. Ulizeni kama yaweza kuharibiwa mtambo wake ili isipige tena, ikahifadhiwa katika makumbusho. Na habari zake, nani aliichukua wapi, alipigana vita gani, alirudi lini, ziandikeni katika daftari kabla wazee hawajaondoka. Maana tulikwisha kuona hapo juu kwamba chenye thamani katika bunduki ya kale ni habari zake. Na habari hizo mwaweza kuwarithisha watoto wenu wote kwa ukamilifu, wa kiume na wa kike, bila leseni na bila mnunuzi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atubarikie katika kilicho kidogo na cha halali, na awajaalie watoto wetu wema baada yetu. Wabillahi tawfiq.